Stoo ya Jikoni na Mgeni wa Saa Mbili Usiku

Mwangaluka, ndugu zangu! Wakubwa wangu, shikamooni. Nimefundisha sayansikimu miaka mingi, na leo mmeniita hapa Kirumba, Mwanza, tuzungumze habari ya akiba ya jikoni. Mezani nimeweka chupa kavu ya kioo, chumvi, na dagaa nusu kilo niliowanunua soko la Mwaloni asubuhi hii.

Nyumba nyingi hapa mjini zina akiba mbili, ya watoto na ya wageni. Mchele mzuri umefichwa chumbani, viungo vya pilau vimefungwa kabatini tangu Krismasi, vinamsubiri mkwe. Mkwe akifika, mchele una fukusi na iliki haina harufu. Mimi naomba tuache kabisa utaratibu huu. Mgeni alishwe kutoka kwenye akiba ile ile tunayokula sisi, kwa sababu kinachopikwa kila wiki hakipati nafasi ya kuharibika.

Tuanze na dagaa. Mama uliye mbele, chukua mmoja, mvunje. Mmesikia? Huyo amekauka. Akipinda bila kukatika, ana maji bado, na ukimfungia kwenye ndoo atavunda wiki hiyo hiyo. Tazama na rangi: anang'aa kama fedha. Wale wa kahawia wenye harufu kali mara nyingi wamenyeshewa wakiwa wameanikwa, na ndio wanaoishia kwenye chakula cha kuku. Uliza pia walianikwa wapi. Wa kwenye vichanja ni wasafi, wa chini wanakuja na mchanga wao.

Mchanga huo uliniaibisha. Nikiwa bado bibi harusi, baba mkwe alikuja bila taarifa, nikawaosha dagaa mara moja tu. Alitafuna tonge la kwanza, nikasikia mchanga ukilia kwenye meno yake. Hakusema neno, akanywa maji na kuendelea kula. Tangu siku hiyo ninawachambua vichwa, ninawaosha kwa maji ya vuguvugu mara tatu, na kila mara ninawaopoa kwa mkono kutoka juu. Ukimimina maji pamoja nao, mchanga uliotuama chini unarudi kwenye chakula.

Halafu tazameni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti tena, wavuvi wanapumzika na bei inapanda. Basi nunua wakati wa giza, wakutoshe mpaka giza lijalo. Hakuna sababu ya kujaza gunia wakati ziwa liko hapa mlangoni.

Mengine nitayapitia haraka. Dona nunua kidogo kidogo, maana kiini cha mahindi kina mafuta na unga wake huchacha mapema kuliko sembe. Maharage yaliyokaa sana huwa magumu, yanamaliza mkaa bila kuiva. Bizari nyembamba, mdalasini na karafuu weka nzima, utwange siku ya kupika. Mafuta ya kula yakae mbali na jiko na jua. Ndoo iliyokuwa na rangi ya ukuta msiweke chakula, hata mkiisugua vipi. Na kila ndoo ibandikwe tarehe. Kipya kikiingia kikae nyuma, cha zamani kisogezwe mbele.

Sasa mgeni amegonga hodi saa mbili usiku. Mpe chai, matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga za kukaanga, azungumze na wenyeji. Wewe kaanga kitunguu na nyanya, tia dagaa, halafu karanga za kusaga. Kama una nsansa, yaani majani ya kunde uliyoyaanika wakati wa kiangazi, ipike pembeni. Songa ugali. Haipiti saa moja chakula kiko mezani, na hujamtuma mtoto dukani usiku. Mgeni huyo amekula chakula cha kwetu, na kwangu mimi hiyo ni heshima kuliko soda iliyokopwa.

Nimebakiza chupa, nayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuja. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu. Sumu hii haiondoki kwa kupikwa, na inaharibu ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, watu waliokula ugali wa nyumbani kwao. Kwa hiyo karanga iliyosinyaa au yenye ukungu itupeni, msiifiche kwenye kinu.

Mama uliyekuja na mahindi, lete hapa. Tunajaza theluthi ya chupa, tunatia vijiko vitatu vya chumvi kavu, tunafunga, tunatikisa. Tuiache robo saa. Chumvi ikianguka chini yote, mahindi yako chini ya asilimia 15 ya unyevu. Kwa kuyaweka miezi mingi yaongezewe jua, yafike 13.5. Yakishakauka, ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inafaa sana, wadudu wanakosa hewa humo na kufa.

Haya, tutazame. Mnaona ukungu huu mweupe ubavuni mwa chupa? Ni chumvi, imeganda kwenye kioo. Mama, usiyafunge mahindi haya. Yatandaze kwenye turubai leo hii, jua bado lipo.