Kadi ya Grafiki na Fedha Uliyo Nayo: Kwa Nini Tuanze na Mashine
Mhadhara kwa vijana wa michezo ya kompyuta, Kampala

Ndugu zangu, swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Mwalimu, nina laki tisa, ninunue kadi gani ya grafiki?" Kadi ya grafiki ndiyo sehemu ya kompyuta inayochora picha za mchezo. Swali hilo nimekuwa nikikataa kulijibu, na leo pia nitakataa, mpaka anayeuliza aniambie mambo mawili: skrini yake ina pikseli ngapi, yaani nukta ngapi za picha, na pawasaplai ya mashine yake, kile kifaa kinachoigawia umeme, inaweza kutoa wati ngapi kwenye laini ya volti 12, ile inayoilisha kadi. Asiyeyajua hayo hana bajeti bado. Ana fedha tu, na fedha isiyo na hesabu huliwa na muuzaji.

Skrini nitaizungumzia kwa ufupi, maana hesabu yake ni nyepesi. Skrini ya 1920 kwa 1080, ambayo wengi wenu mnayo, ina pikseli 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440 ina 3,686,400, na ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne kamili ya ile ya kwanza. Katika kila fremu ya mchezo, yaani kila picha moja inayopita, kadi hulazimika kuzipaka rangi pikseli hizo zote upya, kwa hiyo anayenunua kadi iliyoundwa kwa ajili ya 4K ilhali skrini yake ni ya 1080 analipia nguvu ambayo kwa sehemu kubwa italala. Tena skrini ikiwa ya hezi 60, yaani hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, haitaonyesha zaidi ya fremu 60 kwa sekunde hata kadi ikitoa 140. Najua wachezaji wa mchezo wa Counter-Strike wataniambia kwamba fremu za ziada hupunguza ucheleweshaji kati ya mkono na skrini. Ni kweli, lakini faida hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ile ya kuhamia skrini ya hezi 144, na mwenye milioni mbili afadhali azigawe kati ya kadi ya wastani na skrini bora kuliko kuzimaliza zote kwenye kadi.

Sasa nije kwenye pawasaplai, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo vijana wetu wanapopoteza fedha kila mwezi huku wakidhani kosa ni la kadi.

Kijana mmoja wa Nansana alikuwa na kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile za Dell OptiPlex na HP EliteDesk ambazo zimejaa madukani mwetu. Ni mashine nzuri, na silaumu mtu kuinunua. Akadunduliza, akaenda mjini, akanunua kadi ya RX 580 ya mtumba. Kadi hiyo hutaka waya wa umeme wenye pini nane, na mashine yake haikuwa na waya wa namna hiyo hata mmoja. Muuzaji akampa adapta ya bure inayochukua umeme kutoka kwenye plagi ya SATA, ile ya kulishia diski. Nyumbani mashine ikawaka, Windows ikafunguka, kijana akafurahi. Alipofungua mchezo, mashine ikazima yenyewe. Akairudisha kadi, akapewa nyingine ya aina ileile, ikazima vilevile. Akaambiwa tatizo ni RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, akanunua RAM. Akaambiwa ni Windows, akalipa fundi akamwekea Windows mpya. Alipoileta mashine kwangu tulifungua ubavu tukasoma kibandiko cha pawasaplai: wati 240 kwa mashine nzima. RX 580 peke yake hula kama wati 185 inapofanya kazi. Prosesa, ubongo wa mashine, nayo inataka wati 65 au zaidi, na bado hatujahesabu diski, feni na madabodi, yaani bodi kuu. Hakuna RAM wala Windows ambayo ingeweza kuponya hesabu hiyo.

Na ile adapta ya bure ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Plagi ya SATA imeundwa kutoa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Waya wa pini sita kwa kipimo chake ni wati 75, na wa pini nane ni wati 150. Anayekupa adapta ya kutoka SATA hadi pini nane anakutaka upitishe wati 150 mahali palipotengenezwa kwa wati 54. Plastiki huyeyuka. Mashine ile kuzima ilikuwa bahati, maana kama isingezima, jambo ambalo lingefuata ni harufu ya kuungua chumbani mwa kijana aliyelala.

Mtu atasema: basi abadilishe pawasaplai, shida iko wapi? Shida ni kwamba nyingi ya mashine hizo za ofisi hutumia plagi za kampuni yenyewe, zisizolingana na pawasaplai za kawaida, na kasha lenyewe mara nyingi halina nafasi ya kuingiza nyingine. Na hata pale inapowezekana, pawasaplai inayouzwa kwa bei ya chini kabisa huwa imeandikwa "500W" kwa herufi kubwa mbele. Msisome mbele. Someni jedwali dogo la ubavuni, mtafute mstari wa volti 12, mzidishe ampea zake kwa 12. Ukikuta ampea 18, jibu ni wati 216, hata kama mbele pameandikwa 500 au 700, kwa sababu kadi na prosesa hulishwa karibu zote na laini hiyo moja. Hesabu hiyo haihitaji fundi wala intaneti, nami nimeshindwa kuelewa kwa nini watu wanaendelea kununua bila kuifanya.

Kuna pia suala la umeme wetu. Uganda tunatumia volti 240, lakini kila anayekaa Kireka au Gulu anajua namna umeme unavyoyumba jioni, na namna unavyorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Pawasaplai nzuri hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 bila kuchaguliwa. Zile za zamani huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, ya 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa bado iko kwenye 115, ukiichomeka ukutani hapa itapasuka papo hapo. Kwa hiyo ninaposema bajeti ya kadi, ndani yake ninahesabu stabilaiza, ya kusawazisha umeme, au UPS, yenye betri ya akiba. Anayeona hiyo ni gharama ya ziada ajiulize itamgharimu nini kadi ya milioni moja ikiungua.

Wapo wanaonijibu, "Nitanunua kadi kubwa sasa, mashine nitaibadilisha baadaye." Naipinga hoja hiyo kwa nguvu zote. Kwa kawaida kadi za grafiki hushuka thamani kizazi kipya kinapotoka, na hiyo "baadaye" mara nyingi huwa mwaka mzima. Katika mwaka huo umekaa na kadi isiyofanya kazi yake, na mwisho wake ungeipata kwa bei ndogo zaidi. Mwenye mashine ya ofisi anunue kadi isiyohitaji waya wa ziada, inayotosheka na wati 75 ambazo sloti yenyewe, lile tundu la madabodi linaloshika kadi, hutoa. Ipo GTX 1650 ya mwaka 2019, katika matoleo yasiyo na plagi ya umeme, na ipo RTX 3050 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2024, inayokula wati 70. Kama kasha ni lile jembamba, atafute toleo fupi, na apime kwa rula kabla ya kutoka nyumbani.

Lakini angalieni jinsi nilivyosema: RTX 3050 ya gigabaiti 6. Ile ya gigabaiti 8, ya mwaka 2022, ni kadi nyingine kabisa, ina viini 2560, vile vijisehemu vya chipu vinavyofanya hesabu, badala ya 2304, hula wati 130 na hutaka waya. Watengenezaji wana tabia hii ya kuzipa kadi tofauti jina moja, na mnunuzi wa Kampala ndiye anayeumia, kwa kuwa dukani husikia jina tu. GTX 1060 ya gigabaiti 3 haikupungukiwa kumbukumbu peke yake, ilipunguziwa na viini. RTX 3060 ya gigabaiti 12 hupitisha data gigabaiti 360 kwa sekunde, na ile ya gigabaiti 8 hupitisha 240. RX 580 iliyoandikwa "2048SP" ina viini 2048, wakati RX 580 halisi ina 2304. Mbaya kuliko zote ni GT 1030: ya mwaka 2017 ilikuwa na kumbukumbu ya GDDR5 yenye kasi ya gigabaiti 48 kwa sekunde, kisha mwaka 2018 ikatolewa ya DDR4 yenye kasi isiyofika 17, na jina likabaki lilelile kwenye boksi. Msitaje jina pekee mnapouliza bei. Tajeni jina, ukubwa wa kumbukumbu, aina yake, na idadi ya viini.

Hapo sijagusa kadi za bandia. Chipu kuukuu kama GTS 450 ya mwaka 2010 zilibadilishwa programu ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na Windows yenyewe ikasadiki. Wekeni kwenye flashi programu ya bure ya GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 huandika onyo mbele ya jina la kadi ya bandia inapoitambua, na muifungue palepale dukani. Muuzaji anayekataa kadi ijaribiwe ameshakupa jibu.

Kuhusu mitumba kwa jumla, msiikimbie. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba sarafu, yaani kuzipata kwa hesabu nzito za kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikichimba zikamwagwa sokoni duniani kote. Watu husema kadi hizo zimechoka. Chipu yenyewe mara nyingi ni nzima, kwani wachimbaji wengi waliipunguzia umeme ili kuokoa gharama. Vilivyochoka ni feni na vipande vya kupitishia joto, na hivyo hubadilishwa. Iendesheni kwa mchezo mzito angalau nusu saa mkiangalia joto lake. Ila tazameni nyuma ya kadi kwanza: P106-100, ambayo ni GTX 1060 iliyotengenezwa kwa uchimbaji, haina hata tundu moja la waya wa skrini.

Kwa kadi mpya nitakwenda haraka. Tuchukue dola moja kwa shilingi 3,600, tukikumbuka kwamba bei za uzinduzi ni za Marekani, kabla ya usafiri na VAT yetu ya asilimia 18. Arc B580 ya Intel, ya Desemba 2024, ilitoka kwa dola 249, karibu laki tisa, ikiwa na gigabaiti 12. Kwa 1080 na hata 1440 ni mali nzuri, lakini hutegemea kipengele cha Resizable BAR, kinachoiwezesha prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, ambacho mashine za ofisi za miaka ya nyuma hazina, na pasipo hicho hupwaya sana. RX 9060 XT ya mwaka 2025 iliuzwa dola 299 kwa gigabaiti 8 na dola 349 kwa gigabaiti 16. RTX 5060 Ti ilikuwa dola 379 na 429. Tofauti ya dola 50 ni shilingi 180,000, na ninashauri ilipwe, kwa kuwa baadhi ya michezo mipya tayari inazidi gigabaiti 8, na kumbukumbu ya kadi haiongezwi baadaye. RX 6500 XT iepukeni kwenye mashine za zamani, maana hutumia njia nne tu za sloti za kupitishia data, na kwenye sloti za zamani njia hizo huwa na kasi ndogo. GTX 1060 na ndugu zake wa kizazi kile zilikoma kupata draiva mpya za michezo, yaani programu zinazoiendesha kadi, Oktoba 2025, hivyo bei yake iteremke ipasavyo.

Na kwa yule ambaye fedha yake haifikii kadi yoyote kati ya hizi, nakusihi usinunue GT 1030 kwa sababu tu unataka kusema una kadi. Nunua prosesa yenye grafiki ndani, kama Ryzen 5 5600G, uiwekee RAM mbili za gigabaiti 8 badala ya moja ya 16, kwa kuwa grafiki hiyo hutumia RAM ya mashine, na RAM mbili huipa njia mbili za kupitishia data. Dota 2 na Valorant zitachezeka, na sloti ya kadi itabaki wazi. Kompyuta za mkononi sikuzigusa kabisa, na muda umekwisha. Wenye maswali yake tubaki hapahapa ukumbini.