Jaji Aliyekimbia Madeni: Mhadhara juu ya James Wilson

Walimu wangu, mawakili mlioacha mafaili yenu mezani kuja kunisikiliza, na nyie wa mwaka wa kwanza mliobanana kule mlangoni: habari za jioni.

Naomba tuanzie mwishoni. Ni Agosti 1798, katika mji mdogo wa Edenton, North Carolina. Kwenye chumba cha nyumba ya wageni amelala mwanamume wa miaka 55. Malaria imemtafuna wiki kadhaa, na sasa kiharusi kimemmalizia. Anayemuuguza ni mkewe, Hannah, aliyeolewa miaka mitano nyuma akiwa na miaka 19. Fedha hawana. Tarehe 21 mgonjwa anakata roho, na saa ile anapokufa bado ni jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Hajajiuzulu wala hajafukuzwa. Alikuwa amejificha.

Huyo ndiye James Wilson. Alikuwa Mskoti, mtoto wa mkulima wa Fife, aliyezaliwa 1742. Wazazi walitaka awe mchungaji, wakampeleka Chuo Kikuu cha St Andrews, lakini mwaka 1765 yeye akapanda meli kwenda Philadelphia. Huko alianza kwa kufundisha Kilatini, kisha akaingia katika ofisi ya wakili John Dickinson. Makoloni yale hayakuwa na shule ya sheria. Ulikaa kwa wakili mkubwa, ukasoma vitabu vyake, ukamnakilia nyaraka, na juu ya hayo ukamlipa. (Nawaona mawakili wanatabasamu.) Miaka michache baadaye alikuwa na ofisi yake Carlisle, mpakani mwa Pennsylvania, na kesi zake nyingi zilikuwa za ardhi. Neno hilo, ardhi, naomba mliweke pembeni kwanza.

Julai 1776, katika Kongresi ya makoloni, wajumbe wa Pennsylvania, Wilson akiwa mmoja wao, waligawanyika kuhusu uhuru kutoka Uingereza. Mwalimu wake, Dickinson, alijiweka kando. Mwanafunzi akapiga kura ya ndiyo pamoja na Benjamin Franklin na John Morton, na jimbo likapita kwa kura tatu dhidi ya mbili.

Mngedhani baada ya hapo mji ungembeba mabegani. Haukumbeba. Waingereza, waliokuwa wameiteka Philadelphia vitani, walipoondoka mwaka 1778, watu walioshutumiwa kuwasaidia walishtakiwa kwa uhaini, na Wilson akasimama kuwatetea. Wawili kati ya wateja wake, Abraham Carlisle na John Roberts, walinyongwa. Mwaka uliofuata bei za vyakula zilipanda, watu wakatafuta wa kumlaumu, na tarehe 4 Oktoba 1779 wanamgambo wenye bunduki waliandamana hadi nyumbani kwake. Yeye na marafiki zake walijifungia ndani, risasi zikarushwa pande zote mbili, watu kadhaa wakafa kabla askari wa farasi hawajafika. Wale wanaochanganya wakili na mteja wake hawakuanza jana.

Kwenye mkutano wa kutunga Katiba mwaka 1787 ni mjumbe mmoja tu aliyesimama kuzungumza mara nyingi kumzidi. Alitaka rais achaguliwe moja kwa moja na wananchi, wenzake wakakataa. Lakini mtu huyohuyo, aliyekuwa ameandika kwamba watu wote kwa asili ni sawa na huru, ndiye aliyetoa hoja ya kuhesabu watumwa watano kama watu watatu katika kugawa viti vya bunge. Wapo wanaomtetea kwamba bila maafikiano yale muungano usingepatikana. Mimi hoja hiyo naielewa na bado inanikwama kooni. Alijua alichokuwa anakiandika.

Mwaka 1789 alimwandikia George Washington, rais wa kwanza, barua akiomba waziwazi ujaji mkuu. Nafasi akapewa John Jay. Wilson akawa jaji wa kawaida kwa mshahara wa dola 3,500 kwa mwaka.

Sasa tuingie kwenye kesi iliyonileta hapa: Chisholm dhidi ya Georgia, 1793. Wakati wa vita vya uhuru, jimbo la Georgia lilichukua bidhaa kwa mfanyabiashara wa South Carolina, Robert Farquhar. Farquhar akafa hajalipwa. Msimamizi wa mirathi yake, Alexander Chisholm, akalishtaki jimbo. Georgia ilikataa kujitetea mahakamani: sisi ni dola, dola haishtakiwi. Majaji wanne walisema inashtakiwa. Mmoja, James Iredell, alitofautiana nao.

Hukumu ya Wilson ni ndefu na ina madaha, lakini kiini chake kinaweza kusemwa barazani. Mtu huru anabanwa na sheria kwa sababu amejifunga mwenyewe kwa ridhaa yake. Kama mtu mmoja akijifunga kwa mkataba heshima yake haipungui, kwa nini heshima ya watu wengi waliokusanyika na kujiita jimbo ipungue? Mfanyabiashara mwongo akikataa kulipa, mahakama inamwita. Jimbo likikataa, je, liruhusiwe kutoa kichwa dirishani na kusema “mimi ni dola”?

Georgia iliwaka. Baraza lake la chini lilipitisha muswada kwamba atakayejaribu kutekeleza hukumu hiyo anyongwe. Kufikia 1795 majimbo yalikuwa yameridhia Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba, yanayozuia raia wa jimbo jingine kulishtaki jimbo katika mahakama za shirikisho, na hukumu ikafutika.

Wakati anaandika kwamba deni halina pa kujificha, mwandishi mwenyewe alikuwa amezama shingoni. Alikuwa mlanguzi wa ardhi. Alinunua mapori kwa maelfu ya ekari kwa fedha za kukopa, akiweka rehani ardhi ya jana ili anunue ya leo, akitegemea wahamiaji na mitaji kutoka Ulaya. Ulaya ikawa vitani, na miaka ya 1796 na 1797 mikopo ikakauka. Kukopa harusi, kulipa matanga. Jaji akafungwa Burlington, New Jersey, kwa deni. Mwanawe akamtoa. Akakimbilia kusini, na huko akafungwa tena kwa deni la dola 197,000. Aliyemfungisha ni Pierce Butler, aliyesaini naye Katiba mwaka 1787. Mliosoma mwenendo wa madai mnajua kwamba hata hapa kwetu mdaiwa anaweza kulala ndani kama mfungwa wa madai. Lakini fikirini mdaiwa huyo awe jaji wa mahakama ya mwisho nchini. Aliandika kwamba anawindwa kama mnyama wa porini.

Na Edenton ulikuwa mji wa nani? Wa James Iredell, yule aliyempinga katika Chisholm. Nyumba ya Iredell ndiyo iliyompokea Hannah, na Wilson alizikwa katika shamba la shemeji wa Iredell. Kiti chake mahakamani kilikwenda kwa Bushrod Washington, aliyejifunza sheria katika ofisi ya Wilson kwa ada iliyolipwa na baba yake mkubwa, George Washington.

Mabaki ya Wilson yalikaa Edenton miaka 108. Mwaka 1906 yalifukuliwa, yakarudishwa Philadelphia kwa heshima zote na kuzikwa Christ Church. Waliomdai walikuwa wamekufa zamani.

Karibuni maswali. Anzeni na nyie wa mlangoni.