Oodaaq na Kisiwa Kisichokuwepo

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Leo nazungumzia visiwa vitatu vidogo vya kaskazini mwa Greenland, kama kilomita 700 kutoka Ncha ya Kaskazini. Hakuna anayeishi huko. Na katika hivyo vitatu, kisiwa cha kweli ni kimoja tu.

Nianze na hicho. Robert Peary, mpelelezi wa Marekani aliyesafiri sana kaskazini kule, alikiona mwaka 1900. Mwaka 1921 Lauge Koch, mwanajiolojia wa Denmark, akakikanyaga, akakiita Kaffeklubben, Klabu ya Kahawa, kwa heshima ya wenzake waliokuwa wakikutana kunywa kahawa katika jumba la makumbusho ya madini mjini Copenhagen.

Mwaka 1978 wapima ramani wa Denmark walikuta, mbele kidogo ya hapo, rundo la changarawe lenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 8. Wakalipatia jina la Oodaaq, Mwinuiti, yaani mwenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, aliyefuatana na Peary kuelekea Ncha ya Kaskazini mwaka 1909. Likahesabiwa kuwa nchi kavu ya mwisho duniani upande wa kaskazini.

Mwaka 2021 wanasayansi wa Denmark na Uswisi wakatua kwa helikopta wakiamini wamefika Oodaaq. Baadaye vipimo vikaonyesha walikuwa kama mita 800 kando yake. Basi, kisiwa kipya! Wakapendekeza kiitwe Qeqertaq Avannarleq, yaani kisiwa cha kaskazini kabisa kwa Kigreenland. Nami siwalaumu. Ukisimama pale unakanyaga tope na kokoto, na pande zote ni barafu tupu. Nani angesema hii si ardhi?

Mwaka uliofuata walirudi na vifaa, wakapima kina cha bahari pembeni. Kikazidi mita 20. Mwamba haukuwepo. Lilikuwa pande la barafu lililomeguka kutoka kwenye barafuto, yaani mto wa barafu unaotambaa polepole kutoka nchi kavu, likabeba udongo na mawe mgongoni, likaja kukwama kwenye sakafu ya bahari. Oodaaq nayo wakaihukumu hivyo hivyo.

Wavuvi wa pwani yetu wanajua tofauti ya mwamba na fungu: mwamba hukaa, fungu la mchanga huhama. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ibara ya 121, nao unataka kisiwa kiwe ardhi iliyoumbika kiasili, isiyofunikwa na maji yakijaa. Barafu yenye kokoto juu haiingii humo.

Linaloniuma ni jina. Rasi ya karibu inaitwa Morris Jesup, tajiri wa New York aliyefadhili safari za Peary. Rasi hiyo ipo. Wanywaji kahawa wa Copenhagen nao wana ardhi yao, na kiangazi huchipua maua juu yake. Oodaaq, mwana wa kaskazini ile aliyeendesha mbwa na sleji juu ya bahari iliyoganda, ndiye aliyepewa changarawe juu ya barafu.