Fila Isipokupendeza: Saa, Wiki na Stika ya Boksi

Habari za jioni, dada zangu, na kaka zangu mliojibanza kule nyuma. Sogeeni mbele, hili linatuhusu sote.

Nimeombwa nizungumze kuhusu mtu aliyechomwa fila, ile sindano ya jeli ya kujaza uso, mdomoni, puani, chini ya macho au mashavuni, halafu akajitazama kwenye kioo asijipende. Mimi ni daktari wa ngozi. Watu hawa nawapokea, na wengi wao neno la kwanza wanaloniambia ni "daktari, naomba usinigombeze." Kabla hajaeleza shida, anaomba radhi! Basi niseme wazi: sijaja kumgombeza mtu. Kutaka kupendeza si dhambi. Bibi zetu walipaka wanja na hina, walitoga masikio na pua. Kinachoniuma ni muda unaopotea kwa sababu ya aibu, maana kwenye fila tatizo linaloweza kutatuliwa leo jioni, kesho asubuhi linaweza kuwa kovu la maisha.

Kwa hiyo naanza na lisilosubiri.

Fila ni jeli inayosukumwa chini ya ngozi kwa sindano. Sindano ikipotea njia, jeli inaingia kwenye ateri au inaibana kwa nje, na ngozi inayolishwa na ateri ile inakosa damu. Maelezo mengi ya kitabibu yanasema ngozi itakuwa nyeupe, kisha itatoa mabaka ya zambarau yenye mistari kama wavu. Maelezo hayo yametokana na kutazama ngozi ya Mzungu. Kwenye ngozi yetu huo weupe unaweza usiuone kabisa. Utaona eneo limefifia, lina ukijivu, au limekuwa jeusi kidogo kuliko sehemu ya jirani, na wewe utasema ni jeraha la sindano tu, litapona.

Tuangalie basi pale ambapo ngozi yetu haifichi. Pindua mdomo utazame kwa ndani, tazama na ufizi. Je, upande mmoja una wekundu wake wa kawaida na mwingine umepauka? Bonyeza kwa kidole, achia, kisha angalia rangi inavyorudi. Inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili hivi, na ilingane na upande wa pili. Ikichelewa, hiyo ni dharura. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua ni dharura vilevile, lakini msiyategemee sana, kwa sababu fila nyingi huja zimechanganywa na ganzi ya lidokeini. Kutokuumia katika saa za mwanzo si dalili kwamba uko salama.

Na jicho. Mishipa ya pua, ya katikati ya nyusi na ya paji la uso imeungana na mshipa unaolisha jicho. Jeli ikisukumwa kwa nguvu kwenye mshipa inaweza kurudi nyuma hadi huko. Retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ikikaa bila damu kwa saa moja au moja na nusu, uwezo wa kuona mara nyingi haurudi tena. Mtu akichomwa pua akasema jicho limeingia giza, au anaona vitu viwili viwili, au kope imeanguka na kichwa kinamuuma vibaya, msimpe dawa ya maumivu alale. Mpelekeni hospitali kubwa yenye daktari wa macho, dakika hiyohiyo, na mpige simu mkiwa njiani.

Dawa ya kuyeyusha ipo. Inaitwa hayaluronidesi, ni kimeng'enya kinachovunjavunja fila zilizotengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, ambazo ndizo zinazotumika zaidi duniani. Mshipa ukiziba inachomwa kwa wingi na kurudiwa mpaka damu ipite. Nina msimamo mkali hapa na sitaulegeza: mtu yeyote anayechoma fila hiyo bila kuwa na hayaluronidesi kabatini mwake, hakupaswa kushika sindano. Muulize kabla hujakaa kwenye kiti. Mwambie akuonyeshe kichupa, akuonyeshe na tarehe ya kuisha muda.

Sasa tuje kwa walio wengi. Huyu mshipa wake ni mzima, ila hajapenda. Mdomo ni mkubwa mno, au upande mmoja umezidi, au amevimba.

Huyu namwambia asubiri wiki mbili. Mdomo una damu nyingi, na fila yenyewe huvuta maji, kwa hiyo siku tatu za mwanzo uso unaouona bado si wako. Mtu anachomwa Ijumaa, Jumamosi analia, Jumapili anataka kutoa, na kufikia wiki ya pili amesahau alilia nini. Wakati unasubiri, piga picha kila baada ya siku chache, ukiwa umesimama mbele ya dirisha lile lile, saa zile zile, simu ishikwe na mtu mwingine kwa umbali wa mita moja na nusu. Nasisitiza umbali. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walionyesha kuwa selfi ya umbali wa sentimita 30 hivi inaifanya pua ionekane pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya mita moja na nusu. Kamera ya karibu hukuza kilicho mbele, na midomo nayo iko mbele. Kuna watu wamechomwa, wakayeyusha, wakachomwa tena kwa ajili ya kasoro iliyokuwa kwenye simu.

Katika wiki hizo usikande wala usiminye uvimbe mpaka aliyekuchoma au daktari akuelekeze. Na mtu akikwambia "njoo nikuongezee kidogo isawazike," kataa. Sindano moja ya kawaida ina mililita 1, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Ni kidogo, lakini juu ya kidogo kikiongezwa kidogo kila mara, jeli inahama, inapanda juu ya mstari wa mdomo hadi chini ya pua, na mtu anabaki na ule uvimbe wa juu ambao hakuna rangi ya mdomo inayouficha. Kilichokaa vibaya hutolewa. Hakifunikwi kwa kingine.

Wiki mbili zimepita, bado hupendi. Sasa swali ni moja: umechomwa nini? Hapa ndipo watu wengi hukwama.

Boksi la fila halali huja na stika ndogo za kubandua, zenye jina la bidhaa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Moja hubandikwa kwenye faili lako, nyingine unapewa wewe. Karatasi hiyo ndogo ina thamani kuliko risiti. Ikiniambia Restylane, najua ni asidi ya hayaluroniki na najua inayeyuka. Ikiniambia Radiesse, hiyo ni ya chembechembe za kalsiamu, hayaluronidesi haiifanyi kitu. Sculptra nayo haina cha kuiyeyusha, huisha yenyewe taratibu. Na kama ulichochomwa ni Botox, hiyo si fila kabisa. Hulegeza misuli, haina dawa ya kuitoa, utangoja miezi mitatu au minne iishe nguvu.

Alikuja dada mmoja, mfanyabiashara wa nguo, ana kinundu cha milimita nne ndani ya mdomo wa chini. Saluni alikochomwa walimwambia akikande kila usiku. Alikikanda mpaka ngozi ya ndani ikachubuka. Nikamwomba stika, hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni picha ya boksi kwenye WhatsApp, maandishi ya Kikorea, imekatwa pale pale penye jina. Tukampigia aliyemchoma. Akajibu, "ni ile nzuri ya bei ya juu." Tukaingia kwenye altrasaundi kutazama kilivyokaa, tukajaribu dozi ndogo ya hayaluronidesi, tukamwambia arudi baada ya siku mbili. Bahati yake, kilikuwa kimenywea. Kingekuwa kitu kingine, safari yake ingekuwa ndefu sana.

Kuyeyusha kwenyewe kukoje? Kunawasha na kuuma kidogo, mdomo unavimba siku hiyo, na kufikia saa 24 hadi 48 sehemu kubwa imeondoka. Wakati mwingine hurudiwa. Kama una mzio wa nyuki, sema mapema, kwa sababu sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo. Tusipokuwa kwenye dharura tunachoma tone mkononi kwanza, tunangoja nusu saa. Wengi wanaogopa kwamba dawa itakula na nyama yao wenyewe. Ni kweli inagusa asidi ya hayaluroniki ya mwili, lakini mwili wa mtu wa kilo 70 una gramu 15 hivi za asidi hiyo na hubadilisha karibu theluthi yake kila siku. Unairudisha. Anayetaka kuchomwa upya, angoje walau wiki mbili nyingine, na mimi humshauri angoje zaidi.

Uvimbe unaokuja baadaye, wiki au miezi, ukiwa na joto, usaha au homa, ni habari nyingine. Huo unaweza kuwa maambukizi, na hauanzi kuyeyushwa kiholela. Daktari auone, kwa sababu huenda unahitaji antibayotiki kwanza. Na kwetu uvimbe ukikaa muda mrefu huacha doa jeusi linalodumu miezi. Msikimbilie krimu za kuchubua.

Lililo gumu kulisema ni silikoni ya majimaji, pamoja na mafuta, hasa yanayochomwa makalio na hipsi. Hayayeyuki. Yanaweza kusambaa, yakatengeneza vinundu miaka baadaye, na kuyatoa ni upasuaji ambao mara nyingi hauwezi kuyamaliza yote. Aliyechomwa hivyo nisingependa aambiwe uongo kwamba kuna sindano ya kumsafisha. Anahitaji daktari wa upasuaji rekebishi, picha za ndani ya mwili, na ufuatiliaji wa muda mrefu. Akianza kubanwa pumzi au kifua kumuuma baada ya sindano hizo, aende hospitali sasa hivi.

Hospitalini, semeni kila kitu: mlichomwa wapi, lini, na nani, hata kama ni chumbani kwa mtu. Mficha uchi hazai. Najua kuna wahudumu watakaokujibu "si ulijitakia mwenyewe." Jibu hilo halina nafasi kwenye matibabu, na wenzangu wa afya mliomo humu mlichukue mkalifanyie kazi.

Kuhusu aliyekuchoma: rudi kwake kwa utulivu, ukiwa na picha zako za tarehe, uombe stika na maelezo ya kilichofanyika. Mtaalamu wa kweli hatakukimbia. Akikuziba simu, au ukikuta hana leseni, kuna pa kwenda. Daktari hushtakiwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Bidhaa yenyewe huripotiwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na walioko Zanzibar huenda ZFDA, yaani Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Saluni inayochoma watu sindano, mwone Mganga Mkuu wa Wilaya. Hifadhini boksi na sindano tupu kama mnavyo, na msizifute zile meseji za kupatana bei. Zile meseji mara nyingi ndizo ushahidi pekee kwamba mlikutana.

Nimemaliza upande wangu. Maswali tuyachukue sasa, na mwenye jambo la faragha aandike kwenye karatasi bila jina, nitajibu vilevile.