Mwarobaini na nitrati ya fedha: ni nini hasa kinachoua bakteria?

Ndugu zangu wanafunzi na mafundi wa maabara, habari za mchana.

Mwarobaini tunaujua wote. Jina lenyewe limebeba sifa ya kutibu maradhi arobaini, ndiyo maana mtu akisikia kwamba majani yake yanatengeneza chembe nano za fedha, yaani vipunje vidogo mno, zinazoua bakteria sugu, anaamini upesi. Haja ya dawa mpya ni ya kweli: kwa mwaka 2019 pekee inakadiriwa kwamba watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa. Kwa uzito huo, kazi hii haitaki pupa.

Kwanza tujue nani anafanya nini ndani ya bikari. Kazi kubwa ya kuua haifanywi na jani. Inafanywa na fedha, yaani yale madini. Nitrati ya fedha, ambayo ni chumvi ya madini hayo, ikiyeyuka hutoa ioni za fedha, yaani atomi zilizopungukiwa elektroni. Flavonoidi, tapenoidi na kemikali nyingine za jani huzipa ioni hizo elektroni, zikawa atomi. Atomi hukusanyana kuwa chembe za nanomita 5 hadi 100 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Halafu kemikali hizohizo za mmea huzivika koti ili zisigandamane. Bakteria wa E. coli ana urefu wa nanomita kama 2,000, kwa hiyo piga picha ya punje za mchele juu ya embe. Njia hii kwa mwarobaini ilichapishwa na watafiti wa Pune, India, mwaka 2004, na mapishi mengi mnayoyaona leo ni ndugu wa hayo.

Sasa tupike. Chuma majani yaliyokomaa, osha vumbi, kisha suuza mara mbili tatu kwa maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji. Pima gramu 20, katakata, tia kwenye mililita 100 za maji hayohayo, chemsha dakika 5, acha ipoe, chuja kwa karatasi ya chujio. Mchuzi huo ukae kwenye friji na utumike ndani ya siku chache. Andika daftarini majani yalichumwa lini na kwenye mti upi. Majani ya kiangazi na ya masika hayana kemikali kwa kiasi kimoja, na hapo ndipo watu wawili wanapofuata maelezo yaleyale wakapata chembe tofauti.

Nitrati ya fedha ya milimola 1 (kipimo cha ukali wa mchanganyiko) ni gramu 0.17 kwa lita. Ukitaka mililita 100 tu, usipime gramu 0.017, kwa sababu mizani nyingi zitakudanganya hapo. Yeyusha gramu 0.17 kwenye mililita 100, kisha chukua mililita 10 za hiyo uongeze maji mpaka zifike 100. Chupa iwe ya kahawia au izungushiwe foili, maana mwanga huiharibu. Vaa glavu, doa lake jeusi halitoki kwa sabuni.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi. Kabla ya yote, dondoshea tone la nitrati ya fedha kwenye mililita 5 za maji yako. Yakibadilika kuwa kama maji ya kuoshea mchele, yana kloraidi. Fedha imeshashikwa na kuwa kloraidi ya fedha, wala haitakupa chembe unazozitafuta. Maji ya kisima chenye chumvi, kama vilivyo visima vingi vya pwani, yatafanya hivyo papo hapo.

Changanya mililita 90 za nitrati na mililita 10 za mchuzi, ukikoroga polepole. Rangi itatoka njano hafifu, iwe kahawia, na baada ya saa chache ikolee kama chai ya rangi. Mchuzi wenye alkali kidogo huharakisha mambo na kutoa chembe ndogo zaidi, ila rekebisha pH ya mchuzi, yaani kipimo cha asidi na alkali, kabla hujauchanganya. Ukitia hidroksidi ya sodiamu moja kwa moja kwenye fedha, utapata oksaidi ya fedha, nayo ni kahawia, utafurahia kitu kisichokuwepo. Ukitaka kushusha pH, asidi hidrokloriki inaleta kloraidi. Tumia asidi nitriki iliyozimuliwa. Na amonia usiiguse kabisa: mchanganyiko wake na fedha ukiachwa ukae unaweza kutengeneza kitu kinacholipuka.

Rangi si ushahidi. Mchuzi wa majani peke yake nao huwa kahawia ukikaa. Ndiyo maana weka bikari ya pili yenye mchuzi na maji tu, mahali palepale, muda uleule. Kisha nenda kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga wa kila urefu wa wimbi unavyofyonzwa. Chembe za fedha hutoa kilele kati ya nanomita 400 na 450. Kilele chembamba ni dalili njema. Kikitanuka na kusogea upande wa namba kubwa, chembe zinagandamana. Kwenye kipimo cha mionzi ya eksi, kinachotambua kitu kwa pembe ambazo fuwele zake hurudisha mionzi, ikiwa mionzi imetoka kwenye shaba, fedha huonekana kwenye nyuzi 38, 44, 64 na 77. Ukiona vilele vyenye nguvu kwenye 27.8, 32.2 na 46.2, hiyo ni kloraidi ya fedha, hata kama kichwa cha ripoti kimesema vingine. Kosa hili ni la kawaida mno, linaumiza kuliona.

Tufike kwenye kupima uuaji, ambapo mimi nina msimamo mkali. Duara tupu kuzunguka kidonge cha karatasi kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, haitoshi. Chembe hazisafiri vizuri ndani ya agari kama molekuli ya dawa, kwa hiyo chembe kubwa yenye nguvu inaweza kutoa duara dogo, na ioni zilizobaki bila kubadilika zikatoa duara kubwa. Tumia sahani yenye visima 96 na mchuzi wa Mueller-Hinton (chakula cha majimaji cha kuoteshea bakteria, si ule wa majani), punguza dawa nusu kwa nusu kutoka kisima hadi kisima, tia bakteria laki 5 kwa mililita, weka kwenye nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 20. Kwa kuwa chembe zenyewe zina rangi, usiamini ukungu unaouona kisimani kwa macho. Chukua tone kutoka kila kisima, lipande kwenye agari safi, uone kama kuna anayeota.

Lazima pawepo safu tatu za kulinganishia: mchuzi wa majani peke yake, nitrati ya fedha yenye fedha sawasawa na ile ya chembe, na maji ya juu yanayobaki baada ya kuzungusha chembe kwenye sentrifuji, mizunguko 12,000 kwa dakika, dakika 20. Maji hayo yakiua sawa na chembe, basi kinachoua ni ioni zilizosalia, au chembe ndogo ambazo hazikuzama.

Na kipimo kihesabiwe kwa fedha. Kwenye mililita 90 kwa 10, fedha yote iliyomo ni kama mikrogramu 97 kwa mililita. Anayekausha unga na kuupima anahesabu masalia ya majani kama dawa.

Kwa nini fedha inaua? Ioni zake hushika salfa ya protini na kuharibu utando wa bakteria. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba pasipo oksijeni ya kuziachisha chembe ioni zake, chembe hazikuwadhuru bakteria. Chembe, kwa hiyo, ni ghala linalotoa ioni kidogo kidogo.

Msiambiwe kwamba bakteria hawawezi kuizoea. Mwaka 2018 watafiti wa Olomouc, Jamhuri ya Cheki, walionyesha kwamba E. coli na Pseudomonas wakipewa chembe za fedha tena na tena huzalisha kwa wingi flajelini, protini ya mikia yao, nayo ikazigandamanisha chembe zisifanye kazi. Kilichozuia uzalishaji huo kilikuwa dondoo la maganda ya komamanga. Hapo mmea una kazi yake halisi, na ningependa kuona vijana wetu wakiifuata.

Kwa sasa mahali pa fedha ni juu ya mwili: vidonda vya moto, bandeji, mipira ya kutolea mkojo. Krimu ya silva salfadiazini, dawa yenye fedha, ya asilimia 1 imetumika hivyo tangu miaka ya 1960.

Nimeulizwa kama mtu anaweza kuinywa, kwa kuwa imetoka kwenye majani. Hapana. Fedha inayomezwa kwa muda mrefu hutuama mwilini na kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu chenye ubuluu, na rangi hiyo haiondoki. Hata mabaki yenu msiyamwage kwenye sinki. Tieni chumvi ya mezani mpaka unga mweupe uishe kushuka, chujeni, na unga huo mkusanye kwenye chupa yenye lebo.