Edward Tingatinga, tumzungumzie mtu, picha tunazijua

Haya jamani habari za jioni, wa nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Nimeombwa nimzungumzie Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha zile picha zinazoitwa kwa jina lake, na mimi nimesema picha sitaziongelea sana maana zimejaa kila duka la watalii kuanzia Dar mpaka Zanzibar, ila ukimuuliza kijana anayechora twiga pale mwenye jina alikuwa nani, anakuangalia tu.

Alizaliwa 1932 kule Tunduru, mama yake Mmakua, watu wa jembe, shule yenyewe hakufika mbali. Miaka ya hamsini akaondoka kama vijana wengi wa kusini, akakata mkonge Tanga, alafu akaingia Dar akawa anafanya kazi za nyumbani na bustani kwa Mzungu. Kuchora kaanza 1968, ana miaka 36 tayari, hajakanyaga chuo chochote cha sanaa, na hela ya vitambaa vya wachoraji hana, kwa hiyo akachukua hadibodi, zile wengine wanapigia dari, akakata kipande cha kama futi mbili kwa mbili, na rangi akatumia hizi hizi za baiskeli za kwenye kopo. Anapaka kwanza rangi moja ubao mzima, anasubiri ikauke (na ile rangi haina haraka, mliowahi kuishika mnajua), ndo anaweka chui mmoja anajaza ubao wote, macho makubwa, madoa moja moja. Hamna mlima nyuma, hamna kijiji.

Mkewe, bi Agatha, akawa anauza pale Morogoro Stores, maduka ya Oysterbay hapo hapo Dar, wateja wengi wageni, shilingi chache tu. Leo hizo hizo zinauzwa Ulaya kwa maelfu ya dola, tusiingie huko ntapandwa na presha. Na pamoja na kuchora akapata kibarua cha uhudumu Muhimbili, kwa hiyo msimfikirie kama staa, mfikirieni mtu anayetoka kazini anakuja kukaa chini na kopo lake la rangi.

Sasa mimi utu wake nauona hapa. Kitu kimeanza kulipa, wageni wanaulizia, mwingine angejifungia ndani asionwe anavyochanganya rangi. Yeye akawaita ndugu na jamaa zake, kina January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata, Ajaba Mtalia, wakakaa wakajifunza kwake, wakauza kama yeye alivyouza. Simfanyi malaika, lakini kwa mtu maskini kugawa riziki yake namna ile, tena kwa watu watakaosimama soko moja na yeye, mimi naona ni jambo kubwa kuliko chui wote aliowachora.

Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi hapo hapo Dar, walidhani ni mhalifu anakimbia. Miaka 40 tu, na kuchora kwenyewe minne. Ingekuwa fundi mchoyo ingeishia pale, lakini wale jamaa wakaendelea wakafundisha wengine, mpaka 1990 ikawa ushirika kabisa, na mpaka leo watu wanasomesha watoto kwa ile hadibodi.

Haya, maswali. Mama wa kitenge cha njano umenyoosha mkono tangu nilipotaja dola, anza wewe.