Msigawe Hesabu ya Tumbawe na Mwani kwa Jumla Moja

Hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, maana majedwali ya hesabu za RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi) za tumbawe bado yanaletwa yameharibika vilevile. Habari za joto na kupauka (tumbawe kupoteza mwani wake na kuwa jeupe) mnazijua, sitazieleza.

Chukueni Acropora palmata (aina ya tumbawe) wa Karibi na Florida, aliyeingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Kipande chake kimoja kinatoa RNA ya viumbe wawili: mnyama mwenyewe, na mwani wa Symbiodinium uliomo ndani ya seli zake. Tuseme mashine imesoma vipande vya RNA milioni 20. Tumbawe likiwa zima, milioni 8 ni vya mwani, milioni 12 vya mnyama. Joto likapanda, mwani ukatoka. Sampuli ya pili, milioni 20 vilevile, ina milioni 1 tu ya mwani. Sasa iko jeni inayochukua kipande 1 katika kila 10,000 vya mwani, kabla na baada. Haikubadilika hata kidogo! Lakini kwenye jedwali ilikuwa 800, imekuwa 100. Mtu anagawa kwa milioni 20, anashangilia: jeni ya usanisinuru imeshuka mara 8. Haikushuka, bwana. Seli zenye jeni hiyo ndizo zimepungua. Na mnyama, aliyetoka milioni 12 hadi 19, anaonekana amewasha kila jeni aliyo nayo kwa mara 1.6 hivi.

Namwona atakayenyoosha mkono: DESeq2 (programu ya kulinganisha hesabu za jeni) inasawazisha tofauti za jumla kati ya sampuli yenyewe. Inasawazisha ulichoilisha. Kipimo chake ni thamani ya kati ya uwiano wa jeni zote. Ukichanganya viumbe wawili, kitamfuata mwenye jeni nyingi zilizosomwa na kumpotosha mwenzake.

Dawa si ngumu. Linganisha vipande na jenomu (DNA nzima ya kiumbe) zote mbili kwa mkupuo mmoja, tupa vinavyokubali kote kuwili, tenga majedwali mawili, kila moja lisawazishwe peke yake. Sampuli iliyobakiwa na vipande vichache mno vya mwani isomwe upya kwa kina zaidi, au iondolewe upande huo. Jeni yenye vipande 3 haithibitishi kitu. Na watu wa qPCR (kupima jeni mojamoja kwa kuzidisha nakala zake) msicheke: ukiipima jeni ya mwani kwa jeni rejea (ya kulinganishia) ya mnyama, kosa ni lile lile.

Mengine harakaharaka. Tambua kwanza aina ya mwani kwa ITS2 (kipande cha DNA kinachotofautisha aina). Durusdinium (jenasi nyingine ya mwani) ikishika nafasi, unalinganisha wenyeji na wageni. RNA ya mwani isipobadilika sana, usiseme haukuhisi joto: kundi hili la mwani hudhibiti protini nyingi baada ya RNA kuandikwa. Hilo lina mhadhara wake.

Sampuli zikatwe saa ile ile ya siku, kwani jeni nyingi hufuata mwanga, kisha ziingie papo hapo kwenye nitrojeni ya kimiminika. Si ndoo ya barafu mpaka mashua ifike pwani! Jeni ya hsp70 (inayowashwa na misukosuko kama joto) inaweza kupanda kwa kule kukatwa na kushikwashikwa tu, halafu mtaniandikia kwamba ni joto.